Kumtafuta baba wa babu katika nyaraka za Herrnhut

SWALI: Ndugu Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mmoravian kutoka Rungwe, na mwaka huu nimetumwa Ujerumani, mkoa wa Saxony, kuhudumu katika nyumba ya wazee. Herrnhut, walikotoka wamisionari waliotuletea Injili, si mbali na hapa. Nyumbani husemwa kwamba baba wa babu yangu alibatizwa Rungwe enzi za Wajerumani. Je, naweza kupata habari zake huku, na nianzie wapi ilhali siku zangu za mapumziko ni chache?
Binti wa Tukuyu

JIBU: Unaweza, lakini usianzie Herrnhut, anzia kwa bibi yako, kwa simu. Kituo cha Rungwe kilifunguliwa mwaka 1891, na kwa kuwa aliyebatizwa aghalabu alipewa jina jipya, huenda jina la ukoo mnalotumia leo halimo kabisa katika makaratasi ya wakati ule. Muulize jina la ubatizo la mzee huyo, kijiji alichokaa, na kama alibatizwa kabla au baada ya vita ya 1914, maana wazee wetu hushika matukio kuliko tarehe. Uliza pia ushirika wenu kama kitabu cha zamani cha ubatizo bado kipo. Ukurasa mmoja ukipigwa picha na kutumwa kwako unaweza kukuokolea safari mbili.

Ukishayapata hayo, waandikie mapema watunza nyaraka wa Herrnhut, uwaeleze kituo na miaka unayoitafuta. Humo mna shajara za vituo pamoja na barua na taarifa za wamisionari, nyingi zikiwa katika mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Mjerumani wa leo huushindwa: herufi e hufanana na n, na u hutambulikana kwa kialama kilichowekwa juu yake. Nafuu yako ni kwamba majina ya kigeni mara nyingi yaliandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo jina la Kinyakyusa huweza kujitokeza lenyewe katikati ya ukurasa. Angalia tahajia tu. Waliandika Muansa kwa Mwanza na Njassa kwa Nyasa. Basi ukoo unaoanza na Mwa- utafute pia kwenye Mua-.

Usitarajie mengi mno. Taarifa zile ziliandikwa ili zisomwe na wafadhili wa Ulaya, na mpishi au mpagazi aliyewabeba wamisionari mlimani anaweza kupita kurasa nzima bila jina. Tena kuna pengo: Waingereza walipoingia kusini magharibi mwaka 1916, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na vituo vikaangaliwa na Waskoti wa Livingstonia, misheni iliyokuwa katika Malawi ya leo, hadi Wamoravian waliporudi katika miaka ya 1920. Kama ubatizo ulikuwa kipindi hicho, Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, itakufaa kuliko Herrnhut.

Picha za zamani za Herrnhut zimo pia katika mkusanyo wa picha za kimisioni wa Chuo Kikuu cha Southern California, unaofunguka kwa intaneti bila malipo. Ukikuta picha ya kundi la Wakristo wasiotajwa majina, itume nyumbani, bibi akae nayo na wazee wenzake kabla hujapanda treni.