Dalali wa Kigamboni anajibu: pantoni, hati na maji ya chumvi

Nimezaliwa Tungi, Kigamboni, ng'ambo ya maji ukitoka katikati ya Dar, nimesomea hapa, na udalali wa nyumba na viwanja ndiyo kazi inayonilisha mimi na wanangu. Maswali yenu yamekuwa mengi. Nimechukua yale yanayojirudia, na moja ambalo nisingeweza kulala bila kulijibu.

Dada, hivi udalali ni kazi kamili au ni kuzurura tu? Nataka kuanza. (Kijana, Mbagala Rangi Tatu)

Ni kazi, mdogo wangu, na inachosha. Asubuhi naanza na simu kwa wenye nyumba: chumba bado kipo? Mpangaji aliyesema atahama amehama? Nisipofanya hivyo nitampandisha mtu bodaboda kutoka Ferry hadi Kibada akaone chumba kilichochukuliwa juzi. Mchana ni kuonyesha. Jioni ni kusubiri watu wa ofisini watoke, maana mpangaji mwenye ajira haoni nyumba saa nne asubuhi.

Mtaji ni simu, nauli na jina lako. Usianze na Dar nzima. Shika mitaa miwili mitatu uijue kweli: mjumbe wa shina, fundi bomba, mama wa vitumbua pale kona. Hao ndio wanaojua nani anahama kabla mwenye nyumba hajajua. Na ujue historia ya kila kiwanja: kilikuwa cha nani, warithi ni wangapi, kuna kesi? Mteja anaweza kujipatia picha za nyumba mwenyewe kwenye simu. Analokulipa wewe ni hilo asiloliona kwenye picha.

Jiandae pia kwa miezi mikavu. Unaweza kuonyesha nyumba mwezi mzima usifunge hata biashara moja, kisha wiki moja ukafunga tatu. Ukipata, usile zote.

Nimelipa 20,000 kuonyeshwa vyumba vitatu, vyote vibovu. Nikipata nadaiwa tena kodi ya mwezi mzima. Ni haki kweli? (Mpangaji, Tabata)

Hela ya kuonyeshwa inakubalika kama ni nauli na umeambiwa kiasi kabla hamjatoka. Dalali anayekusanya hela hiyo kwa watu kumi kwa siku huku akijua vyumba vyake havifai, huyo anaishi kwa nauli za watu. Uliza kwanza kwa simu: choo ndani au nje? LUKU, yaani mita ya umeme, ni ya peke yako au mnachangia? Maji yanatoka wapi? Akibabaika, tafuta mwingine.

Kodi ya mwezi mmoja kwa dalali ni desturi ya mjini, haimo kwenye sheria. Chumba na sebule cha 150,000, mwenye nyumba akitaka miezi sita, unatoa 900,000 na juu yake 150,000 ya dalali. Najua inauma. Wengi wanauliza kama miezi sita inaruhusiwa. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, kwa hiyo hapo ni makubaliano yenu. Mimi huwa nambembeleza mwenye nyumba akubali mitatu, na mara nyingine anakubali, hasa chumba kikiwa kimekaa wazi kwa muda.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni cha juu. Mzee anataka milioni 12 kwa kiwanja chake, dalali anamwambia mnunuzi milioni 15, kisha anahakikisha wawili hao hawaonani hadi siku ya kusaini. Ukiona dalali anakuzuia kuongea na mwenye mali, ondoka.

Nafanya kazi Posta, katikati ya jiji, nimechoka na kodi za Upanga. Kigamboni panafaa? (Dada wa benki, Upanga)

Panafaa, ila chagua kwanza utavuka wapi, ndipo uchague nyumba.

Ukikaa Ferry, Tungi au karibu na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, njia yako ni pantoni, yaani kivuko. Nauli ya mtu mzima ni 200 tu, na ukishuka Magogoni, upande wa mjini, unaweza kutembea kwa miguu hadi ofisini. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kusubiri ndiko kunakokula muda, hasa kivuko kimoja kikiwa kwenye matengenezo. Mwaka 2023 kivuko cha MV Magogoni kilipelekwa Mombasa kutengenezwa, na kila aliyepangisha huku anakumbuka foleni za kipindi kile. Nilikuwa na wapangaji waliotaka kuhama kwa sababu hiyo tu.

Ukikaa Kibada au Vijibweni, njia yako ni Daraja la Nyerere, lililozinduliwa Aprili 2016. Lina urefu wa mita 680 na linakufikisha Kurasini. Mwenye gari analipa tozo. Zilipunguzwa 2022 baada ya kilio cha miaka, lakini zijumlishe kwenye bajeti yako ya mwezi kabla hujasema kodi ya Kigamboni ni rahisi. Halafu ukishavuka, bado una malori ya bandarini mbele yako.

Kama huna gari na ofisi yako iko Posta, ningekutafutia Tungi au Ferry. Nyumba za huko ni za zamani na vyumba ni vidogo, wengi wanavutiwa na vigae vya Kibada. Lakini saa moja unayookoa kila siku ni ya kwako na watoto wako.

Nipo Muscat, bado nina pasipoti ya Tanzania. Nataka kiwanja cha ufukweni Kigamboni. Shemeji yangu amepata dalali mwenye kiwanja "cha haraka". (Muscat, Oman)

Pole na kazi za ugenini, ndugu yangu. Hili nitalijibu kwa urefu, maana nimeona watu wakilia.

Kwanza ufukwe wenyewe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Picha ya kiwanja ambacho wimbi linagusa nguzo za mpaka inavutia sana, lakini hapo hujengi. Mpima ardhi apime kutoka maji yanapojaa, na ulipie eneo lililobaki.

Pili, historia. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na kujenga na kuuza ndani ya eneo la mpango kukasimamishwa. Sisi wenyeji tuliishi miaka kadhaa hatujui kama tutalipwa tuondoke au tutabaki. Mtu hakuthubutu kuongeza hata chumba cha mwanawe anayeoa. Baadaye eneo la mpango lilipunguzwa, na wakala ulioundwa kuusimamia ukavunjwa. Lakini wakati wa zuio watu hawakuacha kuuziana. Waliuziana kwa siri, kwa karatasi za mkono. Ndiyo maana leo unakuta kiwanja kimoja Mjimwema au Gezaulole kina wanunuzi wawili, kila mmoja na karatasi yake na mashahidi wake, na wote walitoa hela kweli. Kila ninapopewa kiwanja cha upande huo, nauliza kwanza kiliuzwa mwaka gani.

Tatu, utaratibu. Usitume hela kwa shemeji. Simsemi vibaya, simfahamu, na huenda ni mtu safi anayedanganywa na dalali. Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Mpe hati ya uwakilishi uliyoisaini ubalozini. Kama kiwanja kina hati, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati aone jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki au zuio, na miaka iliyobaki, maana hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99. Kama hakina hati, aende serikali ya mtaa, kisha aende kwa majirani wa pande zote nne. Jirani wa mpakani anajua mengi kuliko muhuri wowote. Hela ipite benki, kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba.

Na hilo neno "haraka" ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Muuzaji wa kweli anaweza kukusubiri wiki mbili.

Kwa nini Kibada bei iko juu kuliko mitaa ya jirani, na vumbi ni lile lile? (Msomaji, Chamazi)

Kibada ilikuwamo kwenye mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya mwanzo ya 2000, pamoja na Gezaulole, Tuangoma, Bunju na kwingineko. Viwanja vimepimwa, barabara zimeachwa, hati inapatikana. Benki inakopesha juu ya hati, na mnunuzi anailipia amani hiyo.

Napanga. Kila nikinunua LUKU wananikata kodi ya jengo. Kwani nyumba ni yangu? (Mpangaji, Ukonga)

Si yako, na kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Makato kwenye LUKU yalianza Agosti 2021, 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 yakafika 1,500. Weka risiti zako, na siku ya kulipa kodi ya chumba ukae na mwenye nyumba akupunguzie kiasi hicho. Mikataba ninayosimamia nina kipengele cha hilo. Kwa mwaka ni 18,000. Kwa anayelipa chumba cha 50,000 hiyo ni hela.

Mume wangu ameanza kuleta watu kuangalia nyumba tunayoishi. Hati ina jina lake peke yake. Naogopa. (Mama, Mjimwema)

Dada yangu, usiogope, na usichelewe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama jina ni moja. Nenda na cheti cha ndoa kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria, wakusaidie kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili nyumba isiuzwe. Mwarifu mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu wanunuzi wengi hupitia kwake. Ongea na watoto wakubwa na wazee wa pande zote mbili, ila zuio litangulie mazungumzo.

Na madalali wenzangu wanaosoma hapa: nyumba wanamoishi mke na watoto, msiitangaze kabla hamjamsikia mke kwa mdomo wake, mume akiwa hayupo chumbani. Mimi nimekataa nyumba za namna hiyo, na nitaendelea kukataa.

Nitajuaje kama nyumba ya Kigamboni ina maji mazuri? (Wachumba, Kurasini)

Fungueni bomba muonje. Visima vingi vifupi vya huku vina chumvi: sabuni haitoi povu, na koki zinaota kutu mapema. Mradi wa visima virefu uliozinduliwa Novemba 2022 umesaidia, lakini haujafika kila mtaa, kwa hiyo ulizeni kama bomba ni la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, au la kisima cha mwenye nyumba. Kama ni la DAWASA, ombeni muone bili ya mwezi uliopita. Kama ni kisima, nendeni na kipande cha sabuni mkanawe hapo hapo uani.