Maswali Yenu: Kipindi cha Michezo Kimeliwa na Hisabati

Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la saba hapa Mwanjelwa. Tangu muhula uanze, kipindi cha michezo kimegeuzwa rimidio (masomo ya ziada) ya hisabati. Mwalimu mkuu anasema mtihani ni Septemba, mpira watacheza baadaye. Je, nalalamika bure? – Baba mzazi, Mbeya

Marahaba, baba. Hulalamiki bure. Tupige hesabu, maana ndizo wanazozipenda. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumikisha mwili mpaka pumzi ibadilike. Kwa wiki ni dakika 420. Kipindi kimoja ni dakika 40, kwa hiyo hata angepewa viwili kila wiki angepata 80 tu. Walichomnyang'anya kilikuwa tonge dogo tangu mwanzo.

Mtoto huyo anakaa kwenye dawati tangu asubuhi, jioni twisheni, usiku daftari. Saa tisa alasiri kichwa hakipokei tena sehemu wala desimali. Nilipokuwa nafundisha, darasa likitoka uwanjani lilipiga kelele dakika tano, likanywa maji, kisha likatulia kuliko lile lililoshinda ndani.

Usiende ofisini na hasira. Walimu wakuu wanaulizwa ufaulu, hakuna anayewauliza kama watoto walicheza. Subiri kikao cha wazazi, sema mbele ya wenzako, uombe rimidio ihamie saa nyingine. Mzazi mmoja akisema ataonekana mkorofi. Wakisema kumi, ratiba itabadilika.

Tumehamia Mbeya kutoka Dar mwezi uliopita. Binti yangu wa darasa la nne alikuwa hodari wa kukimbia, sasa akizunguka uwanja mara moja anahema kama mzee. Ana ugonjwa? – Mama, Uyole

Pengine ni mlima tu, mama. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu moja ya tano. Kila pumzi inampa oksijeni pungufu, basi moyo na mapafu vinafanya kazi ya ziada mpaka mwili uzoee, na hilo huchukua wiki kadhaa. Aanze na kutembea na kuruka kamba, mbio zifuate taratibu. Ila akihema hata akiwa amekaa, akikohoa usiku au akisikia kifua kinabana, mpeleke hospitali. Hapo usiusingizie mlima.

Mwalimu wa zamu akikuta mtu kachelewa, anamzungusha uwanja mara kumi au pushapu ishirini. Anasema ni mazoezi pia. – Mzazi, Iringa

Sikubaliani naye hata kidogo. Mtoto aliyekimbizwa kwa kosa anajifunza kwamba kukimbia ni mateso, na akiwa mtu mzima atakwepa kama anavyokwepa fimbo. Hao ndio wanaotuambia leo, "Mimi na mazoezi, hapana." Mchakamchaka wa zamani ulikuwa na jasho lilelile, lakini uliimbwa, na mwalimu alikimbia pamoja nasi. Mwambie kwa heshima: aliyechelewa afagie, au amwagilie bustani.

Nina watoto 90 darasani, mpira mmoja uliotoboka, na mvua kuanzia Novemba. Nifundisheje michezo? – Mwalimu, Rungwe

Mwenzangu, hili ndilo swali la wiki. Kosa letu kubwa ni kuwapa wavulana ishirini na wawili mpira huo mmoja na kuwaacha 68 wakishangilia. Tena tunafanya hivyo tukiisingizia UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, kana kwamba shule nzima ni kikosi cha wilaya.

Gawa kiwanja pembe nne. Pembe ya kwanza rede: wawili wanarusha, wa katikati wanakwepa. Mpira wake ni matambara na karatasi za nailoni zilizofungwa kamba, wanautengeneza wenyewe. Ya pili, kuruka kamba, mbili ndefu za katani zinatosha, na wavulana waruke pia (watacheka siku ya kwanza, ya pili watashindana). Ya tatu, kupokezana vijiti, vipande vya mti wowote. Ya nne ndiyo upeleke ule mpira, ukishazibwa, watano kwa watano, magoli mawili ya mawe, timu zipokezane harakaharaka. Dakika nane za kupasha mwili moto, kisha kila pembe dakika nane, filimbi, wanahama. Kipindi cha dakika 40 kimeisha na hakuna aliyeshika tama.

Siku za kwanza ni vurugu tupu, usikate tamaa. Teua kiongozi kwa kila pembe, na wengine wawe wasichana. Anayechechemea au asiyeona vizuri mpe kazi ndani ya mchezo wenyewe, ashike kamba, ahesabu, arushe rede. Usimweke kando kulinda masweta.

Mvua ya Rungwe haina adabu, najua. Ikinyesha, sogeza madawati ukutani: wacheze ngoma zao, zile za kuruka hasa, au wapige makofi na miguu kwa mapigo unayobadilisha wewe. Jirani atalalamika kelele. Mwambie mapema.

Mwanangu ana pumu, na baridi ya Njombe Juni na Julai inamkaba. Nimkataze michezo? – Mama, Njombe

Usimkataze kabla hujamwona daktari. Pumu iliyodhibitiwa vizuri haizuii mchezo. Hewa baridi na kavu ndiyo inayochokoza njia za hewa, kwa hiyo apashe mwili moto polepole, afunike pua na mdomo kwa skafu, na dawa yake ya kuvuta iwe kwa mwalimu, isibaki nyumbani kabatini. Mwalimu aonyeshwe namna ya kuitumia.

Wanangu wanatembea kilomita tatu kwenda shule na tatu kurudi. Bado wanahitaji michezo? – Baba, Mafinga

Kutembea huko kunahesabika, tena sana, usiwadharau. Kinachopungua ni kukimbia kwa nguvu na kuruka, vitu vinavyoimarisha mifupa, angalau siku tatu kwa wiki. Wakirudi wakaomba kucheza kombolela kabla ya kuchota maji, waache nusu saa. Maji yatachotwa.