Insha: waandike peke yao kwanza

Mwalimu mwenzangu wa Moshi, unasema wanafunzi wako wa Kiingereza wananung'unika ukiwapanga vikundi vya sita kubungua bongo kabla ya insha. Si uvivu, wanaona wawili wanaongea na wanne wanasubiri kunakili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, 1958, ulionyesha watu wanne wakifikiri kila mmoja kivyake hutoa mawazo mengi kuliko wakikaa pamoja. Wape dakika tano za kimya, kila mtu na karatasi yake, ndipo wakae watatu watatu. Mada iwe ya kwao: soko la Mbuyuni asubuhi, kwa mfano. Na wabishane kwa Kiswahili (najua, mkuu wa shule hatapenda). Kiingereza kitaingia kwenye kuandika. Yule mkimya wa dawati la nyuma awe katibu wa kikundi.