Maswali ya Wasomaji: Kadi, Daftari na Kura Yako

SWALI: Ndugu Mhariri, nimejiandikisha kupiga kura Tandahimba nilikozaliwa, lakini msimu wa korosho ukianza huwa nahamia Liwale kwenye mashamba ya mjomba wangu, na sirudi mpaka Desemba. Tarehe 29 Oktoba 2025 nilikwenda na kadi yangu kituo cha jirani na shamba nikaambiwa jina langu halipo, niende nilikojiandikisha. Mwaka 2024 nako, kwenye uchaguzi wa kijiji, nilirudi nyumbani siku ile ile kupiga kura nikakataliwa, ilhali kadi ninayo mkononi. Kadi hii si ya Taifa zima? – Mkulima, Tandahimba

JIBU: Ndugu yetu, umekutana na mambo mawili tofauti, ingawa yote yameishia kwenye neno lile lile la kurudishwa.

Tuanze na la kijiji. Kadi inayotolewa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi inakwenda na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na ni kwa ajili ya kumchagua Rais, Mbunge na Diwani. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji, wa kitongoji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake, ambayo huandikwa katika kitongoji anachoishi mtu kabla ya uchaguzi husika. Kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024, uandikishaji huo ulifanyika kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na kwa maelezo yako siku hizo ulikuwa Liwale. Asiyekuwa katika orodha hiyo hakuweza kupiga kura hata angekuwa na kadi ya Tume mkononi.

La pili ni zito zaidi. Mpiga kura hupiga kura katika kituo alichopangiwa kutokana na mahali alipojiandikisha, isipokuwa wachache wanaotajwa na sheria. Aliyehama anapaswa kuhamisha taarifa zake wakati Daftari linapoboreshwa, na kabla ya uchaguzi wa 2025 zoezi hilo lilifanyika kwa awamu mbili. Lakini wewe hukuhama. Ulikwenda kutafuta riziki na utarudi. Ibara ya 5 ya Katiba, ambayo ndiyo inayompa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, inalitaka Bunge litunge sheria itakayoweka pia utaratibu wa kumwezesha mtu aliyejiandikisha sehemu moja kupiga kura sehemu nyingine. Kwa maoni yetu, nchi inayopiga kura Oktoba, wakati vijana wengi wa Newala na Tandahimba wako chini ya mikorosho, ingepaswa kulifanyia kazi sharti hilo kwa upana zaidi ya ilivyo sasa, na mbunge wenu ndiye wa kuulizwa. Hadi hapo, uamuzi ni wako: ama uhamishie taarifa zako Liwale na ukubali kumchagua mbunge wa huko, ama utenge nauli ya kurudi nyumbani siku hiyo.

SWALI: Kipindi cha kampeni alipita kijana wa mtaani kwetu na daftari la shule, akaandika majina na namba za kadi zetu, akatupa shilingi elfu tano kila mmoja. Kadi ya mke wangu aliondoka nayo akisema ataitoa kopi, na hakuirudisha. Tulikuwa na wajibu wa kumpa? – Mzee, Kilwa Masoko

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Hamkuwa na wajibu huo hata kidogo. Namba ya kadi ni yenu, na kushikilia kadi ya mtu mwingine bila mamlaka ni kosa, kama ilivyo kosa kuiuza au kuinunua. Watu wengi hudhani kwamba aliyeandika namba atajua kura imekwenda kwa nani. Kwa namba hiyo pekee hawezi kujua, kwa kuwa kura ni ya siri, na ile hofu ndiyo anayoitegemea.

Kuhusu zile elfu tano, tuseme bila kuficha: sheria inamgusa anayetoa na anayepokea. Hata hivyo tunakushauri utoe taarifa polisi au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa simu ya bure 113, badala ya kunyamaza kwa kuona aibu. Mama naye aombe kadi nyingine Daftari litakapoboreshwa tena. Ajue pia kwamba katika uchaguzi wa 2020 na wa 2025 Tume iliwaruhusu waliopoteza kadi, mradi majina yao yamo katika Daftari, kutumia kitambulisho cha Taifa, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria. Na Daftari la awali likiwekwa wazi, mwende mkalikague wote wawili. Mkikuta jina la ndugu aliyefariki, toeni taarifa liondolewe, kwa sababu jina la marehemu likibaki linaweza kutumiwa na mtu mwingine.

SWALI: Bibi yangu haoni. Nani anaruhusiwa kumsaidia kituoni? Halafu kanga zake nzuri zote ni za kampeni. – Mjukuu, Mikindani

JIBU: Anaruhusiwa kwenda na mtu anayemwamini mwenyewe, ambaye si msimamizi wa kituo wala wakala wa chama. Wazee na wenye ulemavu hawapangi foleni, kwa hiyo msikubali asimame juani. Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, na aliyekwisha kuwa kwenye mstari muda huo hupiga kura. Kuhusu kanga, sheria inakataza kuvaa au kuonyesha alama ya chama au mgombea kituoni na ndani ya mita 200 kutoka hapo. Mwazimie kanga ya jirani, hata kama maneno yake ni ya mafumbo.