Maswali yenu: polisi mlangoni kwa Assange, bili ilikuwa ya nani?

Tangu nimguse kidogo Julian Assange, yule wa WikiLeaks, mtandao wa kuanika siri za serikali, mmenijaza maswali, na wengi hamuulizi siasa mnauliza hela, mi napenda hivyo. Kwa aliyepitwa: mwaka 2012 jamaa alishindwa rufaa ya kupinga kupelekwa Sweden akahojiwe kwa tuhuma za ngono (alizikana, akasema anachoogopa ni kuishia Marekani), basi Juni 19 akaruka dhamana akaingia ubalozi wa Ecuador pale London kuomba hifadhi, Agosti akapewa, na kutoka alitoka Aprili 2019 kabebwa na polisi kama gunia. Karibu miaka saba. Haya twende.

Hivi gharama ya polisi ilikuwa ngapi hasa, mbona kila mtu ana namba yake? (Tanga)

Kila mtu anahesabu kipindi chake ndo maana. Ile inayotajwa sana, pauni milioni 12.6, ni ya lindo la saa 24, tangu Juni 2012 mpaka Oktoba 12, 2015 askari walipoondolewa mlangoni. Ukigawanya unapata kama pauni 10,400 kwa siku, Krismasi ndani, Pasaka ndani. Kwa rate za miaka ile ni zaidi ya bilioni 30 za Kitanzania. Alafu kuna milioni 16, hiyo aliitaja jaji Deborah Taylor mwezi Mei 2019 wakati anamfunga wiki 50 kwa kosa la kuruka dhamana.

Sasa hapa ndo penye utamu. Hiyo 12.6 sio kwamba yote ilichomolewa mfukoni upya, sehemu kubwa ni mishahara ya askari ambao wangelipwa tu hata kama wangepangiwa kukimbiza wezi wa simu Brixton, mtaa mwingine wa London, na polisi wenyewe kwenye hesabu zao waliitenga hivyo, mishahara huku, ovataimu kule. Pesa mpya hasa ni ile ya ovataimu. Wanaotaka kukuza ishu hawalisemi hilo, na wanaotaka kuipunguza wanakwambia "si wangelipwa tu", wakati askari aliyesimama Knightsbridge, mtaa wenye huo ubalozi, usiku kucha hawezi kuwa Brixton usiku huohuo, na huyo wa Brixton aliyeibiwa simu yeye analipa kodi vilevile. Bajeti ya polisi wa London inazidi pauni bilioni 3 kwa mwaka, kwa hiyo lindo halikuwafilisi, ni kama pauni moja na kidogo katika kila 1,000. Lakini askari hawapatikani kwa pauni moja moja, Februari 2015 mkuu wao, Bernard Hogan-Howe, alienda redioni akasema lile lindo linawanyonya.

Si Ecuador wangelipishwa? Mgeni ni wao. (Mombasa)

Hamna sheria ya hivyo. Agosti 2015 serikali ya Uingereza ililalamika rasmi kwa Ecuador, na bili ikatajwa, ila kutaja bili na kulipwa ni vitu viwili. Aliyelipa ni mlipakodi wa Uingereza, na mkazi wa London kupitia kodi ya nyumba maana sehemu ya hela ya polisi inatoka humo. Hapo ndo mi naona kasoro: ugomvi ni wa serikali na serikali, unaamuliwa wizarani, alafu bili inaangukia kikosi cha polisi cha jiji.

Na msidhani Ecuador walikaa bure. Waziri wao wa mambo ya nje, José Valencia, alikuja kusema kwamba kati ya 2012 na 2018 walitumia dola milioni 5.8 kwa ulinzi tu, na karibu dola laki nne kwa matibabu, chakula na kufuliwa nguo. Ndio, kufuliwa nguo. Nchi yenye watu maskini kibao inalipia dobi wa Knightsbridge.

Kuna kundi lingine watu wanalisahau, wadhamini. Oktoba 2012 mahakama iliamuru watu tisa waliomdhamini walipe jumla pauni 93,500. Hao ndo waliwekwa foleni ya kwanza kulipa na ndo waliomwamini, ukinidhamini mie kesho usiseme hukuambiwa.

Polisi wenyewe, silaha wanazo, kwanini wasivunje tu mlango? (Mwanza)

Mkataba wa Vienna wa 1961, kifungu cha 22. Polisi wa nchi mwenyeji haingii ubalozini bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi, na tena nchi mwenyeji ina jukumu la kuulinda ubalozi usivamiwe. Kwa hiyo polisi haohao waliosubiri kumkamata ndo hao walitakiwa kuulinda mlango asije mtu kuuvunja! Uingereza wana sheria yao ya 1987 inayowaruhusu kulivua jengo hadhi ya ubalozi, waliitunga baada ya askari Yvonne Fletcher kupigwa risasi Aprili 1984 iliyotoka ndani ya ubalozi wa Libya London, na Agosti 2012 waliwaandikia Ecuador barua wakiikumbusha hiyo sheria. Ecuador wakaianika barua hadharani, Amerika ya Kusini ikawaka, London wakarudi nyuma. Uingereza nao wana balozi dunia nzima, nyingine kwenye miji ambayo serikali ingefurahi sana kupata mfano wa kuiga.

Kwanini hawakumtorosha usiku kwa gari la ubalozi? Au kwenye begi la kibalozi? (Nakuru)

Hili mmeuliza wengi mpaka nacheka. Jibu liko kwenye jengo lenyewe. Ubalozi wa Ecuador sio jumba lenye geti na uwanja, ni fleti ya chini kwenye jengo la matofali mekundu nyuma ya duka la Harrods, na Colombia nao wana ubalozi wao humohumo. Fleti ndo Ecuador. Korido, ngazi na lobi ya pamoja ni Uingereza. Ina maana polisi walikua wanakaa ndani ya jengo kabisa, hatua chache kutoka mlango wa fleti. Gari la kibalozi ni kweli haliruhusiwi kupekuliwa, lakini linapaki barabarani, na kutoka mlangoni mpaka kwenye gari kuna hatua kadhaa za ardhi ya Malkia, wanakukamatia hapo. Ndo maana hotuba zake alitolea kwenye kibaraza, asikanyage chini.

Begi je? Begi la kibalozi, lile lisiloruhusiwa kufunguliwa, ni kwa nyaraka na vifaa vya kazi, mtu hayumo. Waliojaribu kitu cha hivyo ni waliomteka waziri wa zamani wa Nigeria, Umaru Dikko, hukohuko London Julai 1984, wakamlaza na dawa, wakamfungia kwenye kreti, yaani sanduku kubwa la mizigo, wapakie ndege ya Lagos. Kreti halikua na karatasi za begi la kibalozi zilizokamilika, maofisa uwanja wa Stansted wakalifungua, wakamkuta mzee wa watu hajitambui.

Huku Afrika imeshatokea mtu kujificha ubalozini? (Bukoba)

Sana, na kwa bei tofauti. Februari 1999 kiongozi wa Wakurdi aliyesakwa na Uturuki, Abdullah Öcalan, alifichwa nyumbani kwa balozi wa Ugiriki Nairobi. Hakumaliza hata wiki mbili. Alitolewa akijua anapelekwa uwanja wa ndege aende Ulaya, kumbe ndege inayomsubiri ni ya Waturuki. Hapo hamna lindo la miaka, lakini bili ilikuja kwa sura nyingine, mawaziri watatu wa Ugiriki waliachia ngazi na balozi za Ugiriki zikavamiwa na Wakurdi miji kibao ya Ulaya.

Upande wa pili ni Addis Ababa. Vigogo wa Mengistu, mtawala wa Ethiopia aliyeangushwa mwaka huo, walikimbilia ubalozi wa Italia Mei 1991, na wawili wa mwisho wakatoka Desemba 2020. Karibu miaka 30! Assange mtoto mdogo hapo.

Kwa maoni yako lile lindo lilikua na faida? (Tanga tena)

Angalia tarehe tu. Askari waliondolewa mlangoni Oktoba 2015, polisi wakasema kuendelea hakulingani tena na faida yake na watabaki na mbinu za kificho. Jamaa akakaa ndani miaka mitatu na nusu zaidi, hakutoroka. Sweden nao wakafunga uchunguzi Mei 2017, bado yumo. Kilichomtoa ni rais wa Ecuador, Lenín Moreno, kumchoka na kufuta hifadhi, ndipo balozi akawafungulia polisi mlango. Kwa hiyo mi nasema wiki za mwanzo sawa, kulikua na hatari kweli, lakini ile miaka mitatu ya sare mlangoni ilikua ya kuonekana kwamba serikali haichezewi.

Sasa hivi yuko wapi? (Dar)

Kwao Australia, toka Juni 2024. Alitoka gereza la Belmarsh akapitia Saipan, kisiwa cha Marekani kwenye Pasifiki, kukiri kosa moja mbele ya mahakama ya Marekani. Ndege ya kukodi iligharimu dola 520,000, na safari hii bili ilikua yake, mkewe akaitisha mchango mtandaoni.