Glavu na barakoa zimeshanunuliwa, sasa uanzie wapi?

Ndugu yangu, hongera kwa cheo kipya cha kusimamia usalama kiwandani. Umesema kiwanda chenu kinatengeneza sabuni na dawa ya madoa (ile ya klorini, aina ya Jik), bosi amenunua glavu na barakoa za kitambaa, akaona kazi imekwisha. Haijaanza.

Anzia stoo, tena kesho asubuhi. Angalia madumu ya asidi yamekaa wapi. Kama yako jirani na dawa ya madoa, yatenganishe kabla hujafanya lolote lingine. Vikichanganyika, hata kwa dumu kuvuja tu, hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyoua askari kule Ypres, Ubelgiji, katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1915. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini, na anayeosha sakafu ndiye huipata kwanza. Barakoa ya kitambaa haiizuii hata kidogo.

Kostiki soda nayo: soda huwekwa kwenye maji, si maji kwenye soda, maana huchemka na kuruka usoni. Bomba la kuoshea macho liwe hatua chache kutoka hapo, na aliyerukiwa aoshwe si chini ya dakika 15.

Mdai muuzaji karatasi ya usalama (Safety Data Sheet) ya kila kemikali. Ina sehemu 16. Ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 8 inataja vifaa vya kujikinga. Zifasiri kwa Kiswahili, uzibandike ukutani.

Bosi akigoma, muoneshe Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya 2003. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, hukagua.