Kichwa cha karoti hakizai karoti

Dada, umeuliza kama kichwa cha karoti ulichoweka kwenye kisahani cha maji kitazaa karoti mpya. Hapana, kitatoa majani tu, hata ukikihamishia kwenye udongo. Karoti yenyewe ndiyo mzizi mkuu wa mmea, na ukishakatwa haujijengi upya. Majani usiyatupe, yanaliwa, na sungura wanayagombania. Karoti hupandwa kwa mbegu, na joto letu la Tanga mjini hailipendi. Ndiyo maana nzuri zinashuka kutoka Lushoto, kwenye baridi ya milimani.

Nalima mboga Pongwe, hapa hapa Tanga. Ukitaka kitu kinachorudi kweli, chukua kitunguu cha majani: bakiza vidole viwili juu ya mizizi, zamisha mizizi peke yake, badilisha maji kila siku. Baada ya siku chache jani la katikati linasukuma juu, lile la nje likiwa bado limenyauka. Matembele ndiyo rahisi kupita yote: kipande cha shina, vifundo viwili (pale majani yanapotokea) ndani ya udongo, basi.

Ila mkaao karibu na bahari, onjeni kwanza maji ya kisima. Yakiwa na chumvi, mwagilieni ya mvua au ya bomba.